Tulivyoizika Timu ya Baba Danieli

Flemingdon Park, Toronto
Januari, baridi tupu

Kaka Eliakimu,

Shikamoo. Magoti yanakwendaje na hiyo milima? Wifi amepona lile jino au bado anang'ang'ania karafuu? Na tangawizi mwaka huu imekubali? Sisi tu wazima, tunamshukuru Mungu. Shemeji yako yupo hapa ananichungulia begani. Shikamoo yake amenikataza nisiiandike, anasema Mchaga hampi Mpare shikamoo bure, kwanza utoe mbuzi. Nimemwambia asubiri hapo hapo alipokaa.

Usishtuke kuona karatasi wakati simu ipo. Mama Grace wa kwaya yetu anakuja likizo Moshi, ndiye niliyempa aikabidhi stendi ya Same. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu huniachi nimalize. Nikifika katikati ya habari wewe umeshatoa hukumu, na umeshaanza kuniuliza mvua. Sasa leo utanisikiliza mpaka mwisho, upende usipende.

Habari za huku ni za kawaida tu. Theluji imeanguka mpaka magari ya majirani yamebaki vichuguu. Baba Neema goti lake la kushoto linamsumbua, na kuendesha basi kutwa nzima hakulisaidii, lakini anakwenda. Mimi bado niko kwenye nyumba ya wazee kule Don Mills. Lifti ya jengo letu iliharibika wiki ya Krismasi, na sisi tunakaa ghorofa ya tisa, kwa hiyo umbea wangu wote wa chini nimeupunguza. Mengine ni heri. Tunakula, tunalala, ndani kuna joto.

Sasa tuje kwenye lililonifanya nikamate kalamu.

Mara ya mwisho nilipokueleza kwamba Neema amempata Danieli, na kwamba wazazi wa kijana wanataka waje rasmi, ulinijibu neno moja: "Nitafikiri." Kaka, mimi ni Mpare kama wewe. Mpare akisema atafikiri, ameshakataa, anatafuta tu namna ya kuipeleka rufaa. Nilipokubana ukaniambia, "Nakunda, wazungu ni watu wazuri, sikatai. Lakini wanajua samahani tu. Ukoo haukai kwa samahani. Siku ya msiba atakayekuja kukuchekesha ni nani?" Nikakata simu nikasingizia chaji. Ukweli ni kwamba na mimi wasiwasi wangu ulikuwa huo huo.

Danieli mwenyewe sina neno naye. Ni fundi umeme, anasali, anaoga, na Neema akimtazama sura yake inabadilika. Niliowaogopa ni wazazi. Nimeishi na watu wa hapa miaka, nimewazoea. Ukimkanyaga mguu yeye ndiye anayekuomba radhi. Akiudhika hasemi. Unaweza kukaa na mtu mwaka mzima usijue kama mko vizuri au mmegombana. Nikajiuliza, huyo mkwe nitamjuaje?

Tukawaalika waje kula chakula cha mchana Jumamosi baada ya mwaka mpya. Ijumaa yake nilikwenda bucha moja pale Thorncliffe Park nikachukua mbuzi, tena nikabishana na muuzaji mpaka akanipa na utumbo. Nikapika tangu alfajiri. Pilau, ndizi za nyama, kachumbari, chapati, na mbuzi wangu nikamchemsha polepole halafu nikamkaanga na tangawizi yako ile ya mwisho. Neema alikuwa ananifuata nyuma nyuma jikoni. Unajua mtoto huyu Kiswahili anakielewa chote ila anajibu kwa Kiingereza. Akaniambia kwa Kiingereza chake, "Mama, nakuomba kitu kimoja tu. Leo usimtanie mtu. Wao hawajazoea. Watadhani unawatukana." Nikamwambia nimesikia. Akasema, "Mama, niahidi." Nikaahidi, Kaka. Naapa niliahidi kwa moyo safi.

Wakafika. Kupanda ngazi mpaka tisa si mchezo, yule baba aliingia anahema, jitu la miraba minne, uso mwekundu, na juu ya shati lake la heshima amevaa fulana ya kijani ya mpira, imechakaa, imemkaba tumbo. Na kofia ya kijani kichwani. Mama Danieli nyuma yake kabeba pai ya tufaha na anaomba radhi kwa kuchelewa, wakati hawakuchelewa. Wakakaa. Tukasalimiana, tukaulizana safari, tukausifia mji. Halafu Baba Danieli akakohoa, akasema kwa adabu zote, "Samahanini sana. Kama haitawakera, naomba tuwashe televisheni."

Tukatazamana mimi na Baba Neema. Wewe unajua kwetu wageni wa heshima wakija televisheni inazimwa, hata kama ni fainali, hata kama mwenye nyumba anaumwa roho. Huyu amekuja kuomba mke kwa ajili ya mwanawe, anaomba televisheni! Moyoni nikasema, kumbe Kaka alikuwa sahihi. Lakini mgeni ni mgeni. Tukawasha.

Danieli akatueleza huku masikio yamemwiva kwa aibu. Baba yake ni Mmarekani wa majimbo ya kusini, alihamia huku kikazi, na chuo alichosoma ujanani kilikuwa na mechi siku hiyo. Ni ule mpira wao wa kushika mkononi, ulio kama yai. Vyuo vilivyofanya vizuri vinakutanishwa mwisho wa msimu kwenye mechi kubwa za mara moja, wao wanaziita mechi za bakuli. Usiniulize bakuli gani, nililitafuta sikuliona. Kwao kukosa mechi hiyo ni kama wewe ukose ibada ya Ijumaa Kuu. Tulipopanga siku hakuna aliyejua kama chuo chake kitafuzu, na kilipofuzu, yule baba aliona haya kuomba tubadilishe. Akaamua kuja na fulana yake.

Mpira wenyewe, Kaka, nikueleze kwa kifupi. Wanaume wazima wenye mabega ya bandia na kofia ngumu wanajipanga, wanagongana, wanaangukiana lundo, filimbi inalia, wanasimama wanafanya kikao. Kisha wanarudia. Kila ukidhani sasa wanacheza, wanafanya kikao. Lakini ukikaa kidogo unaelewa jambo moja, kwamba wa huku wanataka kuufikisha ule mpira kule, na wa kule wanakataa.

Basi, wale wa kijani walikataliwa. Mama yangu! Kipigo cha mbwa mwizi. Wapinzani walikuwa wanapita katikati yao wanavyotaka, mtu anakimbia na yai lake peke yake, hakuna hata wa kumgusa, nyuma yake wanaume wanne wamelala chini. Wakapata la kwanza, wakapata la pili, kabla sijamaliza kugawa juisi wakapata la tatu. Kijani wakipewa mpira wanaurudisha nyuma. Mmoja aliutupa moja kwa moja mikononi mwa adui, nikadhani labda ni rafiki yake. Kufika mapumziko ilikuwa ni pointi thelathini na kitu kwa tatu, na hizo tatu nadhani walihurumiwa.

Na chumba kikawa kimya. Hicho ndicho kilichoniua mimi. Mama Danieli alikuwa anaongea kwa kunong'ona. Danieli anamtazama baba yake kwa jicho la pembeni. Neema wangu anasema taratibu, "Bado kuna kipindi cha pili." Hata Baba Neema, Mchaga mzima wa Machame, mtani wetu wa damu, yule ambaye timu yangu ikifungwa huko nyumbani hunipigia hata akiwa kazini ili anicheke tu, naye amekunja mikono anasema, "Ni mchezo, yote hutokea." Baba Danieli simu yake kaiweka gotini, kila wapinzani wakifunga anaitazama. Nikaona hiyo nayo dharau. Sahani yake iliyojaa mbuzi wangu haijaguswa.

Kaka, mimi nilikumbuka tulipomzika Baba. Unakumbuka? Wiki nzima watu wanakuja wanasema pole, wanainamisha kichwa, na Mama amekaa pale kwenye mkeka kama ukuni, halii, hali. Halafu siku ya maziko wakaja wale watani kutoka Machame, ukoo wa Baba Neema. Yule bibi mnene akaingia kaburini akajilaza, akasema marehemu alikuwa bahili, kaburi amelipata bure, hatoki mpaka apewe mbuzi. Akamwigiza Baba anavyotembea kwenda mahakamani kwa kesi ya kuku mmoja, baada ya kuuza ng'ombe ili aiendeshe. Na Mama akacheka. Akacheka mpaka akalia, akalia mpaka akaomba chai. Pole zote zile hazikumfanyia kitu, ila yule bibi alimrudisha.

Sasa huyu mtu amekaa kwenye kochi langu anafiwa mbele ya macho yangu, na sisi wote tunampa pole. Nikasema hapana. Nikasimama.

Nilikwenda chumbani nikachukua kanga mbili. Moja nikajifunga kiunoni, ya pili nikatoka nayo. Kijani walikuwa ndiyo wamefungwa tena. Nikaenda moja kwa moja kwenye televisheni nikaifunika gubigubi kwa ile kanga, nikashika kichwa nikaangua kilio, "Yalaa! Yalaa wenzangu! Marehemu ametutoka!" Halafu nikaendelea kwa Kiingereza changu ili waelewe. Nikasema marehemu alikuwa mpole, tangu azaliwe hajawahi kumdhuru mtu. Alikuwa hodari wa kutembea kurudi nyuma. Mali yake yote alimgawia jirani. Ameacha mjane mmoja, huyu hapa kwenye kochi, na kofia yake. Nikajilaza chini mbele ya televisheni, nikasema mimi ndiye mtani wake, na maiti haiondoki hapa mpaka mjane aniombe.

Hakuna aliyecheka. Hata mmoja. Mama Danieli ameziba mdomo kwa mkono. Neema akasema, "Mama!" kwa sauti ambayo sijaisikia tangu alipokuwa mdogo akaungua. Baba Danieli akasimama, akaweka simu yake mfukoni, akanipita pale chini nilipolala, akafungua mlango wa baraza, akatoka nje kwenye baridi akaufunga.

Kaka, nilitamani sakafu ipasuke nishukie ghorofa ya nane. Neema akakimbilia chumbani. Baba Neema akaniinua, akaninong'oneza, "Umeuza ng'ombe, Mama Neema. Na kuku hujampata." Hapo hata hasira sikuwa nayo. Nilimfikiria mwanangu mle chumbani, na yule kijana wake amesimama mlangoni anagonga taratibu, nikajua nimemharibia mtoto maisha kwa mdomo huu huu ambao ulikuwa ukinikanya juu yake tangu tukichunga mbuzi. Nililia kweli, siyo kilio cha msiba wa kuigiza.

Halafu nikaliona koti lake kwenye kiti. Mtu yuko nje na fulana, baridi ile inakata masikio. Nikalichukua nikamfuata.

Alikuwa ameshika vyuma vya baraza anatazama chini bondeni. Nikampa koti. Nikaanza kuomba radhi, tena zile za kwao, samahani juu ya samahani. Akainua mkono ninyamaze. Machozi yalikuwa yanamtoka, na hakuyafuta.

Akaniambia, "Kaka yangu alisoma kwenye kile chuo kingine." Nikamwuliza chuo gani. "Hawa wanaotupiga leo. Maisha yetu yote, timu yangu ikifungwa, ananipigia simu. Hasalimii. Anacheka tu, anakata. Tukifungwa tena anapiga tena. Amefariki mwezi wa saba. Leo timu yake imenichinja hivi, na simu haijalia."

Nikashika na mimi vile vyuma, nikasimama kando yake.

Akaendelea, "Tangu tumzike watu wananiongelesha kwa sauti ya chini, utadhani nimelala. Mke wangu hivyo hivyo, mwanangu hivyo hivyo. Wewe ndiye mtu wa kwanza kunipigia kelele." Halafu akaniuliza ile ilikuwa ni nini, na kwa nini nililala chini. Nikamweleza watani, Kaka. Nikamweleza maziko ya Baba na yule bibi wa kaburini. Nikamwambia kwetu mtu akianguka, asiyekuhusu anakupa pole anakwenda zake. Wa kwako anakaa anakucheka mpaka unyanyuke.

Akafikiri. Akasema, "Kwa hiyo umenitukana kwa sababu unanipenda?"

Nikamwambia, "Nikupende nimekujua lini? Nimekutukana kwa sababu umekuwa ndugu. Kupenda kutakuja baadaye, kama utakula chakula changu."

Akanitazama. Akavaa koti, akafungua mlango akaingia. Wote walikuwa wamekaa kama wanasubiri hukumu, Neema macho mekundu. Yule baba akaenda kwenye sahani yake, akachukua kipande kikubwa cha mbuzi, akatafuna. Akatafuna sana. Akameza, akanigeukia, akasema kwa sauti nzito ya nyumba nzima, "Mama Neema, mabeki wetu wangekuwa wagumu kama mbuzi huyu, leo tusingefungwa."

Baba Neema akaanguka kwa kicheko. Kaka, shemeji yako alianguka kwenye kapeti na lile goti lake bovu, anapiga sakafu kwa kiganja, anashindwa kuvuta pumzi. Mbuzi wangu! Mbuzi niliyemwamkia alfajiri! Nilimjia juu yule mzee na mwiko, nikamwambia ugumu uko kwenye meno yake, mbuzi hana kosa, na mtu aliyezikwa hana ruhusa ya kulalamikia chakula cha matanga. Akanijibu hapo hapo. Mama Danieli akaanza kucheka huku analia, na Danieli akabaki kinywa wazi. Baadaye aliniambia hakuwahi kumsikia baba yake akicheka tangu msiba wa baba yake mkubwa. Tukafunua televisheni, tukawa tunaushangilia ule mkong'oto mpaka mwisho, hamsini na kitu kwa tatu, sikuhesabu tena. Kila kijani wakianguka yule mzee ananigeukia mwenyewe anasema, "Haya, lia!" nami nalia. Alikula sahani tatu za mbuzi huyo huyo mgumu.

Walipoondoka Neema alikuja jikoni kuosha vyombo. Akasugua sufuria ya mbuzi mpaka ikang'aa. Halafu akaniambia, tena kwa Kiswahili, "Mama, una wazimu. Na bado nimekukasirikia." Nikamwambia ana haki. Akaniegemeza kichwa begani na mikono yake ina mapovu.

Basi Kaka, hiyo ndiyo habari, na hujanikatiza. Nisalimie Wifi, mwambie karafuu haziponyi jino, aende hospitali. Msalimie mama mdogo pale sokoni kwenye ndizi, na binamu Elieza fundi cherehani, umwambie awe na nafasi mwaka huu. Mchungaji pia msalimie. Mjukuu wako aliyeanza shule mbusu shavuni kwa niaba ya bibi yake wa kwenye baridi.

Ukishaisoma hii nitumie neno moja kwa simu, "nimesoma." Jumapili itakayofuata, baada ya ibada yenu, Baba Danieli atakupigia. Hana mshenga, atasema mwenyewe, mimi nikitafsiri. Nimemweleza kwamba bila mjomba hakuna binti anayetoka kwetu, na anaogopa, jitu lote lile. Aliniomba nimfundishe la kusema nikakataa.

Sikulazimishi. Mjomba ni wewe. Ila nakuomba jibu lako lijulikane tangu mwanzo wa simu, tusiteseke. Ukimpokea kwa heshima, ukamwambia karibu sana mheshimiwa, pole kwa msiba, tumefurahi kukufahamu, kwa ile sauti yako ya baraza la wazee wa kanisa, basi nitajua umemkataa, na nitakuheshimu. Lakini kama umemkubali, usimwonee huruma. Mwulize kaburi la timu yake liko wapi na kwa nini mjane ananenepa. Neema atakuwa amekaa kando yangu, ameshikilia mkono wangu, akisikiliza utaanzaje.

Mimi mdogo wako mwenye mdomo,
Nakunda, Mama Neema